Mguu Niliomficha Mkwe Wangu

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana, ambaye amenifikisha leo nikiwa na vidole vinane vya miguu na moyo mzima. Zamani nilikuwa na vidole kumi na moyo nusu. Yeye aliyenibadilishia hivyo apewe sifa.

Huu ni ushuhuda wangu wa pili. Wa kwanza niliutoa nimesimama mbele ya kanisa, nimevaa koti, na kina mama wakapiga vigelegele. Ule haukuwa wa kweli. Huu ninauandika nimekaa, kwa sababu mchungaji ameniomba niuweke kwenye karatasi ili usomwe na ambao hawakuwepo, na kwa sababu anajua kwamba nikipewa kipaza sauti sikiachii.

Jina langu ni Nyamhanga, nina miaka sabini na mmoja. Nilisoma hadi kidato cha nne, jambo ambalo kwa umri wangu na kwa upande wetu huu wa Tarime halikuwa dogo, nikafanya kazi ya ukarani katika chama cha wakulima wa kahawa. Nilipostaafu nilirudi nyumbani, jirani na Matongo, nikawa nalima na kufuga. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa, na kazi yangu ni mabeseni. Wale mnaotoka madhehebu mengine niwaeleze: kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, sisi hutawadhana miguu, kama Bwana alivyowafanyia wanafunzi wake. Wanaume huoshana na wanaume upande mmoja, wanawake na wanawake upande mwingine. Mabeseni na taulo hutunzwa nyumbani kwangu, na siku ya ibada hiyo mimi ndiye ninayesoma habari ya mwanafunzi yule aliyekataa kuoshwa. Nimeisoma miaka mingi. Naijua kwa kichwa. Mtaona kwamba kichwani ndiko ilikoishia.

Kisukari kilinikuta nimeshastaafu. Nilikuwa nakunywa maji mpaka tumbo linajaa na bado nina kiu. Aliyegundua ni mke wangu, Mama Marwa, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa bado mazuri. Aliona sisimizi wamejipanga nyuma ya zizi, pale nilipozoea kujisaidia haja ndogo.

"Baba Marwa," akaniambia, "ng'ombe hawakutoshi, umeanza kufuga na sisimizi?"

Tukacheka, lakini kesho yake alinipeleka kupima. Nikapewa vidonge na maelezo: kula hiki, punguza kile, usitembee peku, kagua miguu yako kila siku. Vidonge nilivimeza. Maelezo niliyaacha getini.

Ninyi wa huku mnanielewa. Mwanamume wa kwetu alisimama mbele ya kisu cha tohara akiwa kijana, watu wote wakimtazama, na hakupepesa jicho. Tangu siku ile anajua kwamba maumivu ni kitu cha kukaa nacho kimya. Silidharau jambo hilo, lilinijenga. Lakini kwa upande wangu mimi, lilinifundisha pia kusema uongo uso ukiwa mkavu.

Baada ya kumeza vidonge vizuri kwa miezi kadhaa, kipimo kilisoma vizuri. Mganga aliyenipima akafurahi, akaniambia, "Mzee, dawa inafanya kazi, endelea hivyo hivyo." Mimi nilisikia furaha yake, sikusikia maneno yake. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikasema kwamba Bwana ameniponya kisukari, kimeondoka, sina tena. Neno "vidonge" halikutoka mdomoni mwangu.

Ndugu zangu, Bwana huponya. Nimewaona watu aliowaponya na sina ubishi juu ya hilo. Lakini mimi hakuwa ameniponya, alikuwa ananitunza, siku kwa siku, kwa kidonge kidogo cheupe. Mimi nikaona kutunzwa ni habari ndogo isiyofaa kusimuliwa na mzee wa kanisa. Nikaichukua kazi yake nikaipaka rangi. Na baada ya vigelegele vile, ningemezaje tena vidonge mbele za watu? Nyumbani kwangu wageni hawakauki. Nikaviacha.

Sasa lazima niwaambie habari za mkwe wangu, kwa sababu bila yeye mngekuwa mnayasikia haya kutoka kwa mtu mwingine, mmesimama kuzunguka kaburi.

Mwanangu Marwa anachimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Mke wake ni Robhi, tunamwita Mama Ghati kwa jina la binti yao. Ni muuguzi. Katika zahanati ya kijiji chetu kuna mganga mmoja na kuna yeye, na vidonda vyote vinafungwa na yeye. Ukienda pale na kidonda, huna njia ya kumkwepa.

Kwa sisi Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe wana haya kubwa kati yao. Simshiki mkono. Siingii nyumbani kwake, ingawa mlango wake na wangu inatazamana uani. Tukikutana njiani anaacha njia. Akiwa na neno la kuniambia anasimama nje ya mlango, amenipa mgongo, anauambia ukuta na ukuta unaniletea. Miaka tisa tuliishi mji mmoja namna hiyo. Nilijua sauti yake. Nilijua sare yake ya kazini ikianikwa kwenye kamba. Sura yake sikuijua.

Na nilimkosea. Alipopangiwa kazi kwenye zahanati yetu, nilimtuma Mama Marwa akamwambie aombe uhamisho. Nilisema haifai mkwe wangu afungue vidonda vya rika langu, halafu jioni wakae dukani wanazungumzia mikono yake. Robhi akajibu kupitia kwa Mama Marwa huyo huyo: "Mwambie baba nimesikia." Alisikia, lakini hakuomba uhamisho. Nikakasirika. Kwa miezi mingi sikuitikia salamu yake. Mwanamke anatoka kazini amechoka, anasimama mlangoni kwangu, anasema "Baba, shikamoo," na ndani kimya. Kesho yake anarudi anasema tena. Nalikiri hilo hapa, nikijua naye atalisoma.

Mwaka jana, wakati wa palizi ya mahindi, nilivaa mabuti ya mpira asubuhi nikaenda shamba. Ndani ya buti la kulia kulikuwa na kokoto. Marwa alikuwa ameyaazima mabuti yale kwenda mashimoni, nadhani ndiye aliyeliacha. Nilitembea nalo kutwa nzima na sikusikia kitu. Kisukari kilikuwa kimeshatia miguu yangu ganzi, nami nilidhani ni uzee. Nilipovua jioni soksi ilikuwa imelowa damu, na kokoto lenyewe, dogo kama punje ya harage, lilikuwa limezama chini ya kidole gumba.

Mtu mwenye akili angekwenda zahanati. Mimi nilifikiri hivi: zahanati yuko mkwe, na mkwe hawezi kushika mguu wangu. Tena kijiji kizima kinajua kidonda kisichopona ni cha ugonjwa gani, na ugonjwa huo mimi nilishawaambia umeondoka. Siku hizi najua kwamba wazee wanaweza kuyazungumza mambo ya haya ya mkwe na kuyalegeza panapokuwa na ugonjwa. Hata wakati ule nilijua. Lakini ili wayalegeze ungepaswa kwanza kusema kwamba unaumwa. Nikatia chumvi, nikafunga kitambaa, nikavaa soksi mbili.

Wiki mbili baadaye ikakaribia Jumapili ya kutawadhana miguu. Mwenzangu wa kuoshana naye miaka yote ni Mwikwabe, rika langu, mtu mwenye mdomo. Angekiona kidonda kabla hajagusa maji. Nikamwambia mchungaji nimepata dharura Busawe, kule Serengeti, kwamba ng'ombe wa mdogo wangu wanaumwa na ananihitaji. Ng'ombe wale walikuwa wazima kuliko mimi.

Mdogo wangu Wambura alinipokea vizuri. Alinichemshia majani, nikaloweka mguu, tukapiga hadithi za utoto. Nilikaa karibu mwezi. Kidonda kikawa kinakua na mimi nikawa nasema kinakauka. Siku moja Wambura aliinua kichwa kutoka kwenye karai akanitazama.

"Kaka," akasema, "ng'ombe akinuka hivi mimi namwita bwana mifugo. Wewe nikuitie nani?"

"Niitie usafiri," nikamwambia. "Narudi nyumbani."

Sikurudi ili nitibiwe. Kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi na nilitaka, kama ni kufa, nife kwangu. Nilifika Ijumaa mchana nikiwa na homa. Hapo ndipo nilipopata salamu za mchungaji: kwa sababu mzee wa mabeseni hakuwepo, waliona si vizuri kuendelea bila yeye. Waliiahirisha ibada. Wamefurahi sana nimerudi. Ni Jumapili hii.

Ndugu zangu, mtu anaweza kuukimbia ukweli mpaka wilaya nyingine, akirudi anaukuta umemsubiri kwa heshima zote.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimejilaza, mguu nimeufunika na blanketi. Mama Marwa alikuwa uani anasuuza mabeseni kwa ajili ya kesho. Macho yake sasa yana ukungu, ananijua kwa sauti na kwa mwendo, kwa hiyo kidonda hakukiona. Lakini pua yake nzima. Alikuwa amenyamaza tangu jana, na Mama Marwa akinyamaza ujue kuna alichokwisha kufanya. Nikasikia viatu vikisimama nje ya mlango.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba." Siku hiyo niliitikia. Homa ilikuwa imenilainisha.

"Baba, nina maneno machache, nikiyamaliza naenda."

"Sema, Mama Ghati."

"Harufu hiyo naijua. Ninafanya nayo kazi kila siku. Baba, huo ni mguu."

Nikalivuta blanketi. Yeye akaendelea kuuambia ukuta, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Najua hutaki niuone, na najua kwa nini, nami ni Mkurya, nilifundishwa kama ulivyofundishwa. Lakini hebu tufikiri. Mguu ukikatwa, nani atakupeleka chooni? Mama haoni vizuri. Marwa yuko mashimoni. Atakayebaki ni mimi. Sasa baba, afadhali nikushike kidole leo kuliko nije nikubebe mzima baadaye."

Ningekuwa mzima ningecheka, maana alinishika pabaya. Badala yake nikasema, "Nenda nyumbani, mama. Kesho nina ibada." Akasema, "Haya, baba." Viatu vikaondoka, lakini havikwenda mbali. Vilisimama kwenye kona ya nyumba.

Mama Marwa akaingia na yale mabeseni, akayapanga sakafuni karibu na kitanda, moja ndani ya jingine. Akaniwekea na Biblia yangu juu ya beseni la juu. "Kesho unasoma," akasema. "Jikumbushe." Akatoka.

Nikaifungua nikasoma. Bwana anavua vazi, anajifunga kitambaa, anatia maji katika chombo, anainama. Anamfikia mwanafunzi yule, naye anasema hapana, miguu yangu huioshi kamwe. Miaka yote nilipoyasoma maneno hayo mbele ya watu nilikuwa nakaza sauti pale Bwana anapoinama, kwa sababu nilidhani somo ni la yule anayeosha. Nilijiona mimi ni yule anayeosha. Nina mabeseni, nina taulo.

Asubuhi ile, mguu ukinuka chini ya blanketi, niliona jambo nililolipita mara zote. Mwanafunzi yule hakukataa kwa ubaya. Alikataa kwa haya. Bwana wake, mkubwa wake, ashike miguu yake yenye vumbi? Haifai. Angekuwa Mkurya mzuri kabisa. Na Bwana hakumsifu kwa haya ile. Alimwambia kwamba asipokubali kuoshwa, hana sehemu pamoja naye.

Niliifunga Biblia. Nikalia, na sikulia kwa sababu ya mguu. Nililia kwa sababu niliona kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimewapa watu miguu yangu iliyokwisha kuoga nyumbani. Ule mchafu sikumpa mtu. Hata Bwana mwenyewe sikumpa. Nilimwambia amekwisha kuuponya, ili asiuguse.

Nikasema, "Bwana, nimekubali. Niokoe." Sikuwa na maombi marefu zaidi ya hayo. Kisha nikaita, "Mama Marwa! Mwite mkwe wako. Aje na vitu vyake."

"Yuko hapa hapa," akajibu kutoka kwenye kona. Walikuwa wamesimama pamoja.

Hata hivyo uzee hauishi kwa siku moja. Nilitaka tufanye jambo hilo kwa adabu. Nikamwambia Mama Marwa ashike shuka kati yetu, mimi niwe upande huu, mguu utokezee chini, mkwe wangu akae upande ule na beseni. Kwa hiyo nikawa naona shuka, na chini ya shuka naona mikono miwili iliyovaa glavu. Alifungua kitambaa changu taratibu, akiloweka kila mzunguko. Hakuguna. Hakusema "lo." Alisema tu, "Pole, baba," ingawa mimi nilikuwa sisikii maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomtisha.

Mama Marwa, ndugu zangu, mikono yake ilichoka. Macho hayaoni, hajui shuka limefika wapi, upande mmoja ukateremka, akautafuta, ukateremka wa pili. Shuka likaanguka ndani ya beseni.

Tukatazamana. Miaka tisa mji mmoja, na ndipo nilipojua kwamba Robhi ana mwanya, na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Alikuwa analia bila sauti huku mikono inaendelea na kazi. Aliinamisha uso haraka.

"Liokote basi," nikamwambia Mama Marwa.

"Limelowa," akasema. "Nimechoka. Mmalizane wenyewe." Akakaa chini akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na Robhi akacheka huku anafuta machozi kwa bega. Haya ya miaka tisa iliingia kwenye maji ya beseni la kanisa.

Kisha akaacha kucheka. "Baba, kidole hiki kimekufa na cha pili kinakifuata. Tukienda hospitali leo, mguu unaweza kubaki. Tukingoja ibada ya kesho, siwezi kukuahidi."

Gari halikuwepo, kulikuwa na bodaboda. Homa ilikuwa kali, nisingeweza kujishika mwenyewe. Dereva akakaa mbele, mimi katikati, na mkwe wangu nyuma amenizungushia mikono kiunoni nisianguke. Barabara ni moja tu, na inapita mbele ya duka ambapo rika langu hukaa Jumamosi. Walikuwa wote. Mwikwabe alisimama kabisa, kikombe mkononi. Nilifumba macho nikasema moyoni, Bwana, kama hili ndilo beseni lako, basi nioshe. Na nawaambia kweli, tulipopita duka lile nilijisikia mwepesi. Kitu nilichokuwa nimekibeba miaka mingi kilibaki pale barabarani na sikurudi kukiokota.

Hospitali walikata vidole viwili. Mguu ukabaki. Wakaniambia vidonge peke yake havitoshi tena, nitakuwa najichoma sindano ya insulini kila siku maisha yangu yote. Nilipotoka nilikaa kwa muda Nyamisangura, pale mjini, nyumbani kwa dada yangu, ili nisafishwe kidonda kwa karibu. Mwikwabe alinifuata huko kunitazama. Alikaa, akanywa chai, akakohoa.

"Nyamhanga, tulikuona. Mkwe amekukumbatia kama gunia la mahindi."

"Gunia lenyewe lilikuwa linaoza," nikamwambia. Nikavuta shuka, nikamwonyesha.

Alitazama muda mrefu. Hakusema tena kitu, na kwa Mwikwabe huo ni muujiza ambao ningeweza kuusimamia kanisani bila kuupaka rangi.

Niliporudi nyumbani nilimwomba mchungaji nafasi. Nilisimama kwa fimbo, bila koti, nikawaambia watu kwamba ushuhuda wangu wa kwanza ulikuwa uongo, kwamba kisukari ninacho, kwamba Bwana ananitunza nacho. Nikamwomba mkwe wangu msamaha kwa salamu zote ambazo sikuitikia. Hakukuwa na vigelegele. Mama mmoja nyuma akasema, "Hata mimi ninacho, baba." Kisha mwingine. Siku hizi tupo kikundi kidogo, tunakutana baada ya ibada, tunakaguana miguu. Mtu akipita dirishani atadhani wazee wamerudi utoto.

Ibada iliyoahirishwa, maana walinisubiri tena, ilifanyika pia. Nilisoma habari ile, na safari hii nilikaza sauti pale mwanafunzi anapokataa. Kisha nikavua kiatu. Kidonda kilikuwa kimefunga. Mwikwabe akapiga magoti mbele yangu na maji, akaosha mguu wenye vidole vitatu kwa uangalifu kama anaosha kitoto kichanga. Siku chache baadaye alipita kwangu asubuhi, anachechemea kidogo, anatazama pembeni.

"Mkwe wako leo yuko kazini?"

"Yuko."

"Mimi si baba mkwe wake."

"Wewe si baba mkwe wake."

"Basi mimi naruhusiwa."

"Umeruhusiwa siku zote, mzee. Hata kisingizio changu hukuwa nacho." Akatukana kidogo, akaenda.

Ndugu zangu, sijapona. Naomba mlishike hilo, kwa sababu wako watu wanaosubiri kupona ndipo wamshukuru Mungu. Mimi namshukuru nikiwa na sindano mkononi. Insulini yangu naiweka kwenye chungu cha maji cha Mama Marwa, kilichotulia kwenye kona yenye baridi, maana jokofu hatuna. Nakula ugali mdogo na mboga ya mgagani kwa wingi, ndizi mbivu naziangalia kwa mbali kama mtu anayeangalia shule aliyosoma. Kuna siku sukari inapanda bila sababu, kuna siku inashuka natetemeka. Siku hizo zamani ningeogopa na kuficha. Sasa naita. Nikiita, mtu anakuja. Nimekuta kwamba Bwana ananijibu zaidi kwa njia hiyo, kwa miguu ya watu inayokuja mbio, kuliko kwa ile njia kubwa niliyokuwa naitangaza. Nimeridhika. Usingizi wangu ni mzuri. Sina kitu chini ya blanketi.

Asante Bwana kwa Mama Marwa na pua yake. Asante kwa mganga na wauguzi. Asante kwa Wambura na swali lake. Asante kwa Robhi, ambaye alisema shikamoo kwa ukuta mpaka ukuta ukaitikia.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umevaa soksi mbili: nakuomba umwamini yeye anayeinama. Hakuja kuona mguu uliokwisha kuoga. Anautaka ule mwingine. Pengine mikono atakayotumia ni ya mtu ambaye umekataa kumtazama. Mpe hivyo hivyo. Mimi nilichelewa, nikatoa na vidole viwili juu yake.

Mtaniuliza kama mila yetu imekufa. Haijafa. Mpaka leo siingii nyumbani kwa mkwe wangu, naye haketi mahali ninapokula. Heshima yetu ipo, na nadhani sasa imekuwa heshima ya kweli. Ila kila asubuhi kabla hajaenda kazini anakuja mlangoni kwangu, na hanipi mgongo. Anasema, "Baba, shikamoo." Nami naitikia. Kisha anasema, "Mguu."

Nautoa.